Soriasisi, kitambi, presha na sukari: kipi kilianza?

#1 Mwalimu wa Kichangani

Wakuu, habari za jioni. Naomba niingie moja kwa moja.

Nina miaka 43, mwalimu wa sekondari, naishi Morogoro. Soriasisi ninayo tangu 2012. Iko viwiko vyote viwili, magoti, kisogoni, na baka moja kubwa kiunoni nyuma. Nimeshaizoea. Nimezoea kuvaa mikono mirefu Desemba jua likiwaka, nimezoea kukung'uta kiti kabla sijainuka ili magamba yasibaki.

Wiki iliyopita wahudumu wa afya walikuja shuleni kupima walimu. Presha 148/92. Sukari kabla ya kula chochote 6.4. Uzito kilo 94, urefu mita 1.69. Muuguzi aliyenifunga kile kitambaa cha presha aliangalia kiwiko changu, akaangalia karatasi, akasema: "Mwalimu, hivi vitu ni ndugu." Sikumwelewa, na foleni ilikuwa ndefu.

Swali langu: ngozi ndiyo imeniletea presha na sukari, au kitambi ndicho kimeleta vyote pamoja na ngozi? Nauliza kwa sababu marehemu baba alikuwa na mabaka haya haya, na alipigwa kiharusi akiwa na miaka 58. Sisi tuliona ni mambo mawili tofauti.

#2 Ngoja Nione

Nakaa hapa, wajuzi waje.

#3 Shangazi Pili

Pole mwanangu. Hiyo si pumu ya ngozi? Mdogo wangu anayo, kaambiwa asile dagaa wala mayai.

#4 Mama Swaumu

Shangazi, shikamoo. Pumu ya ngozi ni ile wanayoiita ukurutu, huwa inakaa kwenye mikunjo, ndani ya kiwiko na nyuma ya goti, na mara nyingi inaanza utotoni pamoja na mafua ya kila siku na pumu ya kifua. Soriasisi inapenda upande wa nje: nyuma ya kiwiko, mbele ya goti, kichwani. Magamba yake ni mazito, meupe kama fedha. Binti yangu aliitwa fangasi miaka miwili, akapakwa dawa ya fangasi miaka miwili, kumbe siyo. Alianza akiwa na miaka 11, wiki chache baada ya koo kuuma vibaya.

#5 Njiapanda_83

Mama Swaumu kamaliza hilo la jina. Nitaongeza kimoja: vitabu vingi vinasema "mabaka mekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Baka linakuwa la zambarau, la kijivu au kahawia iliyoiva, na likipona linaacha weusi wa miezi. Ndiyo maana wengi wanaambiwa fangasi.

Mimi ni ofisa tabibu, nilisomea magonjwa ya ngozi pale Moshi, KCMC, kwenye kile kituo cha kanda. Mwalimu, muuguzi wako alikuwa sahihi kwamba ni ndugu. Nani kaka na nani mdogo, hapo ndipo watu wanagombana hadi leo.

Kuna kitu kinaitwa sindromu ya kimetaboliki. Ni mambo matano, ukiwa na matatu unayo: kiuno kipana, presha kuanzia 130/85, sukari ya asubuhi kuanzia 5.6, mafuta aina ya trigliseridi kuanzia 1.7, na lehemu (kolesteroli) nzuri, HDL, ikiwa chini ya 1.03 kwa mwanaume au 1.29 kwa mwanamke. Kwa wenye soriasisi mkusanyiko huu unaonekana mara nyingi kuliko kwa wasio nayo, na kadiri mabaka yanavyotapakaa ndivyo unavyozidi kuonekana. Wewe tayari una viwili. Kiuno chako ni sentimita ngapi?

#6 Mwalimu wa Kichangani

Navaa suruali namba 36. Sijui kwa sentimita.

#7 Fundi Cherehani Tanga

Mwalimu hapo nakushika mkono, hii ni kazi yangu. Namba ya suruali siyo kiuno chako. Wanaume wenye tumbo wote wanafunga suruali CHINI ya tumbo. Mteja ananiambia "mimi ni 36 tangu nimalize chuo", nikipitisha futi juu ya kitovu napata inchi 42. Suruali imebaki 36 kwa sababu imeshuka, tumbo limepita juu yake.

Chukua futi ya cherehani, ile ya kitambaa. Vua shati. Tafuta mbavu ya mwisho kwa kidole, tafuta mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati ya hapo pande zote mbili. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, maana hapa hakuna mchumba anayekuangalia. Kisha soma.

#8 Mwalimu wa Kichangani

Nimemwita mke wangu anipime. 104.

#9 Ngoja Nione

Na mimi nimejipima kimyakimya. Sisemi.

#10 Njiapanda_83

104 inazidi 102, hicho ni cha tatu. Mwalimu tayari unayo, hata kabla ya kupima mafuta.

#11 Maabara Kwanza

Njiapanda, nikurekebishe kidogo kwa heshima. Hiyo 102 kwa wanaume na 88 kwa wanawake ni ya mwongozo wa Marekani. Shirikisho la kimataifa la kisukari, IDF, linatumia 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara. Na hata hizo ni namba za Wazungu tulizoazimwa mpaka zipatikane za kwetu. Kwa Mwalimu haibadilishi kitu, lakini kuna mtu hapa ana 97 anajiona salama.

#12 Ngoja Nione

Maabara umeniona wapi?

#13 Chemchem_Tabora

Mimi naona mnazunguka. Jibu ni kitambi. Mafuta ya tumboni siyo akiba iliyolala, ni kiwanda. Yanatoa homoni ya leptini kwa wingi, yanatoa TNF, kemikali inayowasha uvimbe, na homoni ya adiponektini ambayo ndiyo ya kutuliza inapungua. Mwili mzima unakuwa kwenye moto mdogo wa kudumu. Aliyezaliwa na mbegu ya soriasisi, moto huo unaiwasha.

Utafiti wa 2019 uliotumia kumbukumbu za watu wa Uingereza na Norway uliangalia jeni badala ya kuuliza watu wanakula nini. Wale waliozaliwa na jeni za kuwa wazito walipata soriasisi zaidi. Walipogeuza swali, kwamba jeni za soriasisi zinaleta uzito, ushahidi ulikuwa hafifu. Jeni unapewa kabla hujaonja chipsi, kwa hiyo huwezi kusema ugonjwa ndio uliokunenepesha.

#14 Mkulima wa Mlangali

Chemchem, na mimi unaniweka wapi? Kilo 61, nalima kwa jembe tangu nizaliwe, sijawahi kuwa na kitambi. Soriasisi ninayo toka 2005 na presha niligunduliwa nikiwa na miaka 39. Kitambi changu kiko wapi?

#15 Chemchem_Tabora

Mkulima, nimesema jibu kwa wengi, sikusema kwa wote.

#16 Mkulima wa Mlangali

Uliandika "Jibu ni kitambi". Nimesoma mara mbili.

#17 Mwalimu wa Kichangani

Wakuu asanteni. Kuna jambo moja nataka kuuliza, linanisumbua siku nyingi. Nikiwa nasahihisha madaftari huwa nakwangua kiwiko bila kujua. Gamba likitoka zima, jeupe kama nta ya mshumaa, chini yake panabaki ngozi laini inayong'aa. Nikiendelea kuangalia, baada ya sekunde kadhaa vinatokea vitone vya damu, vidogo, kama nimechomwa na ncha za sindano saba au nane, kila kimoja mahali pake. Sijajikata. Damu ile inatoka wapi?

#18 Njiapanda_83

Mwalimu, umeieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Hiyo inaitwa alama ya Auspitz, kwa jina la daktari wa ngozi wa Austria wa karne ya 19.

Kwa kawaida seli ya ngozi inachukua kama mwezi mmoja kupanda toka chini mpaka juu na kudondoka. Kwenye baka la soriasisi inapanda kwa siku chache tu. Zinafika juu mbichi, zinalundikana, ndiyo magamba. Sasa mlundikano huo unahitaji kulishwa, kwa hiyo mishipa midogo kabisa ya damu, kapilari, inaongezeka na kutanuka, na inajipinda kama springi ya kalamu. Inapanda mpaka karibu kabisa na juu, na utando uliozifunika vichwa vyake ni mwembamba sana. Ukibandua gamba unabandua na kifuniko. Kila kitone ulichokiona ni kichwa cha kapilari moja.

Usiendelee kukwangua lakini. Ngozi ya soriasisi ikijeruhiwa, baka jipya linaweza kuota palepale kwenye jeraha. Daktari mwingine wa karne hiyohiyo, Köbner, ndiye aliyeonyesha hilo.

#19 Yakhe wa Kisauni

Subhanallah. Nimeishi na hii kitu miaka ishirini Mombasa hapa, leo ndiyo nafahamishwa ile damu ni nini. Hebu ndugu Njiapanda, kama mishipa ya kwenye baka imeharibika hivyo, ile ya mahali pasipo na baka je? Ya moyo, ya figo, ya macho?

#20 Njiapanda_83

Yakhe, hapo umegusa penyewe.

Mshipa wa damu kwa ndani una utando wa seli wa unene wa seli moja tu. Utando huo unatengeneza gesi, naitriki oksaidi, inayoiambia misuli ya mshipa ilegee ili damu ipite. Waliogundua kazi ya gesi hiyo, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nobeli 1998. Sukari ikikaa juu, presha ikikaa juu, uvimbe wa kinga, ule moto mdogo wa Chemchem, ukiwa mwilini kila siku, gesi hiyo inapungua. Mshipa unabaki umekaza hata pale unapotakiwa kufunguka.

Kuupima si lazima upasuliwe. Wanachukua mkono, sehemu isiyo na baka, wanaipasha joto taratibu kwa kifaa kidogo huku mwanga wa leza ukihesabu damu inavyopita chini ya ngozi. Mshipa wenye afya unafunguka na kubaki wazi, na sehemu kubwa ya kubaki wazi huko ni kazi ya ile gesi. Mshipa uliochoka unafunguka kidogo.

#21 Maabara Kwanza

Na hapo matokeo hayafanani, tuwe wakweli. Kuna tafiti zimekuta mishipa ya wenye soriasisi ni mizito kufunguka, kuna nyingine hazikuona tofauti na watu wa kawaida. Kinachonivutia ni kwamba ukiwatenga wenye soriasisi ambao sukari, presha na mafuta yao viko sawa, picha inaweza kuwa tofauti na ukiwachanganya wote. Yaani swali la Mwalimu ndilo hilohilo wanasayansi wanaliuliza: ni ngozi, au ni yanayoambatana na ngozi?

#22 Kijana wa Buguruni

Wakuu, nimesoma mahali kwamba mwenye soriasisi hatari yake ya shambulio la moyo ni mara TATU. Mnaliongelea kwa upole mno.

#23 Njiapanda_83

Kijana, hiyo namba ipo lakini umeikata kichwa. Inatoka kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2006, wenye wagonjwa wa soriasisi zaidi ya 130,000. Mara tatu ni kwa mtu wa miaka 30 mwenye soriasisi KALI. Mwenye soriasisi nyepesi wa umri huohuo ilizidi kwa asilimia 29. Kwa mtu wa miaka 60 mwenye kali ilizidi kwa asilimia 36, na nyepesi asilimia 8. Na kijana wa miaka 30 shambulio la moyo kwake ni nadra, kwa hiyo mara tatu ya kitu kidogo bado ni kidogo. Ila walipohesabu pia sigara, sukari, presha, lehemu na uzito, tofauti haikuisha. Hiyo ndiyo hoja ya wanaosema ngozi yenyewe ina mkono wake.

#24 Kijana wa Buguruni

Nimeelewa mkuu. Nina miaka 31 ndiyo maana nilishtuka.

#25 Shangazi Pili

Mimi sina elimu yenu, ila nina macho. Mdogo wangu kabla ya ugonjwa alikuwa anacheza netiboli, anakwenda baharini. Mabaka yalipotoka akaacha bahari. Akaacha netiboli kwa sababu ya sketi. Akaacha harusi. Akawa anakaa ndani na kula, jioni anachungulia televisheni. Kilo ishirini ziliingia pale kwenye kochi. Hamjasema hilo. Aibu nayo inanenepesha.

#26 Mwalimu wa Kichangani

Shangazi, umenigusa. Mimi nilikuwa refa wa mechi za shule. Niliacha 2014 kwa sababu ya kaptula. Sikuwahi kuhusisha na kilo 94.

#27 Mama Swaumu

Shangazi hajakosea. Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu soriasisi mwaka 2014, na ripoti yao ya 2016 inaongelea kutengwa na kubaguliwa kama inavyoongelea ngozi. Binti yangu alinyimwa kiti cha pembeni darasani. Haiambukizi, lakini nani atawaambia wote?

#28 Mwana wa Nyegezi

Naongeza maelezo ya nne: DAWA. Mimi nilipewa sindano na vidonge vya prednisoloni, dawa ya steroidi, kwenye kliniki moja, sitaitaja. Wiki ya kwanza ngozi ikawa safi, nikashangilia. Nilipoacha vidonge, mwili mzima uliwaka, vikatoka vipele vya usaha, nikalazwa siku tisa. Na sukari ilipanda mpaka 13 wakati natumia. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na sukari na presha kwa sababu ya alichopewa kutibu ngozi, halafu tunasema ngozi imeleta sukari.

#29 Njiapanda_83

Mwana wa Nyegezi pole sana, na hili ni zito. Prednisoloni ya kumeza kwa soriasisi ni mtego unaojulikana, ukiacha ghafla ugonjwa unarudi mkali kuliko ulivyoondoka. Na krimu za klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, ambazo watu wanazinunua kujichubua, zikipakwa mwili mzima miaka na miaka, zinaingia kwenye damu.

Tukiwa hapo: wenye kumeza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga kwa soriasisi kali, ni MARA MOJA KWA WIKI. Chagua siku, iandike kwenye boksi. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Na kwa mwenye kitambi, kisukari au anayekunywa pombe, ini lake linahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Mwalimu, hujatuambia: unatumia dawa gani yoyote?

#30 Mwalimu wa Kichangani

Kusema kweli presha nilishaambiwa mwaka juzi, nikaandikiwa atenololi. Namezaga nikikumbuka.

#31 Njiapanda_83

Na ngozi tangu mwaka juzi imekuwaje?

#32 Mwalimu wa Kichangani

Imeongezeka. Baka la kiunoni ni la mwaka jana. Usiniambie.

#33 Njiapanda_83

Sikuambii kwamba ndiyo yenyewe. Nakuambia kundi hilo la dawa za presha, beta bloka, pamoja na litiamu ya magonjwa ya akili na klorokwini, ni miongoni mwa dawa zinazotajwa sana kuchochea soriasisi. USIIACHE leo usiku. Atenololi ikikatwa ghafla moyo unaweza kuleta shida. Nenda kwa daktari, mwambie "nina soriasisi na natumia hii", yeye atabadilisha kwa utaratibu. Dawa za presha za makundi mengine zipo.

#34 Chemchem_Tabora

Hata hizo nyingine baadhi zimetajwa. Tukifuata orodha hiyo, mgonjwa atabaki na presha yake. Presha ya 148 inaua mishipa midogo kwa uhakika zaidi kuliko dawa.

#35 Njiapanda_83

Nakubaliana na sentensi yako ya mwisho.

#36 Muscat Jioni

Assalamu alaykum. Nawasoma nikiwa Muscat. Jua je? Mimi nikitoka asubuhi saa moja, dakika kumi na tano mikono wazi, mabaka yanalainika. Na presha yangu ikipimwa kiangazi huwa chini.

#37 Maabara Kwanza

Waalaykum salaam. Ngozi kwa jua inaeleweka, hospitali zenye taa wanatumia UVB, aina ya miale iliyomo kwenye jua, ya nanomita 311. La presha nalo lina maelezo: watafiti wa Edinburgh walionyesha 2014 kwamba mwanga wa UVA, aina nyingine ya miale ya jua, unaachilia naitriki oksaidi iliyohifadhiwa kwenye ngozi, ikaingia kwenye damu na presha ikashuka kidogo. Gesi ileile ya Njiapanda. Ila ukiungua, baka linaota palipoungua, kumbuka Köbner. Jua la Muscat saa sita siyo dawa.

#38 Yakhe wa Kisauni

Na funga? Mimi kila Ramadhani napata nafuu, wiki ya tatu magoti yanakuwa laini.

#39 Maabara Kwanza

Yakhe hujajidanganya, kuna utafiti wa 2019 kwa wagonjwa 108 waliofunga Ramadhani, mabaka yalipungua mwisho wa mwezi. Lakini hakukuwa na kundi la wasiofunga la kulinganisha nalo kwa haki.

#40 Fundi Cherehani Tanga

Huku kwetu Ramadhani ndiyo mwezi ninaoachia suruali mshono. Futari ya viazi vya nazi, kaimati, tambi, maharage ya nazi, halafu daku ya wali. Mnafunga nini?

#41 Yakhe wa Kisauni

Fundi, sasa umeniharibia swaumu na siyo hata Ramadhani.

#42 Kijana wa Buguruni

Samahani wakuu, niulize lingine kwa aibu kidogo. Hiyo gesi ya mishipa inahusika na nguvu za kiume? Nina sababu ya kuuliza.

#43 Njiapanda_83

Usione aibu. Inahusika moja kwa moja, kusimama kwa uume ni mishipa kufunguka kwa gesi hiyohiyo. Na tatizo hilo limeonekana zaidi kwa wanaume wenye soriasisi. Linaweza kuwa mawazo, linaweza kuwa dawa, linaweza kuwa mishipa. Mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaweza kuonyesha shida mapema. Usinunue vidonge vya barabarani. Pima presha, sukari na mafuta kwanza.

#44 Dada wa Iringa

Kuhusu uzito: nilipungua kilo 14 kwa mwaka, natembea toka Kihesa mpaka mjini. Miguu imesafika karibu yote, kichwa bado. Sukari imerudi 5.3.

#45 Mwana wa Nyegezi

Mimi nilipungua 11, ngozi haikujua kama nimepungua.

#46 Maabara Kwanza

Wote wawili mnafanana na utafiti wa Denmark wa 2013. Wagonjwa 60 wanene, nusu walipewa mlo mdogo sana wiki 16, wakapungua takriban kilo 15. Mabaka yalielekea kupungua lakini tofauti haikufikia kiwango cha kusema ni hakika. Kilichobadilika kwa uhakika ni maisha yao ya kila siku kwa maneno yao wenyewe.

#47 Chemchem_Tabora

Tugeuze basi. Kama ni uvimbe wa ngozi unaoharibu mishipa, ukiuzima kwa dawa kali mishipa ipone. Marekani walijaribu adalimumabu, inayozima TNF, matokeo yakatoka 2018: ngozi ilisafika, uvimbe kwenye mshipa mkuu haukupungua kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Na methotreksati walijaribu kwa wagonjwa wa moyo karibu 4,800, 2019, haikuzuia mashambulio.

#48 Njiapanda_83

Na 2017 kanakinumabu, inayozima intalukini 1 beta, kemikali nyingine ya uvimbe, iliyapunguza mashambulio hayo, kwa wagonjwa zaidi ya 10,000, bila kugusa lehemu. Kwa hiyo kuzima uvimbe kunaweza kusaidia moyo, inategemea umezima bomba lipi. Halafu wagonjwa wa hiyo ya methotreksati hawakuwa wa soriasisi. Na mshipa mkuu siyo kapilari. Huwezi kupima bomba la barabarani ukasema umejua hali ya bomba la jikoni.

#49 Mkulima wa Mlangali

Mimi bado nasubiri kitambi changu.

#50 Mwalimu wa Kichangani

MREJESHO, wiki ya saba.

Nilikwenda hospitali na karatasi niliyoandika kutoka uzi huu. Daktari aliisoma yote, hakunicheka. Trigliseridi 2.3, HDL 0.9. Yaani matano kati ya matano. Mkojo hauna protini, akasema figo bado ziko vizuri. Atenololi amenipunguzia polepole, sasa niko kwenye amlodipini na namezea palepale ninaposwakia. Nimepewa mafuta ya kupaka na krimu yenye vitamini D. Natembea kwenda shule, dakika 40. Chapati mbili za asubuhi imebaki moja.

Kiuno 101. Presha jana 134/84. Baka la kiunoni limepauka katikati, pembeni bado zito. Viwiko vilevile.

#51 Shangazi Pili

Alhamdulillah. Na kaptula?

#52 Mwalimu wa Kichangani

Jumamosi nimechezesha mechi ya kidato cha pili. Nilivaa kaptula.

#53 Chemchem_Tabora

Hongera Mwalimu, kwa moyo wangu wote. Ila umebadilisha dawa, mlo, mwendo na krimu kwa mpigo. Hakuna atakayejua kipi kimefanya kazi.

#54 Dada wa Iringa

Chemchem mwache mtu apone.

#55 Mwalimu wa Kichangani

Hapana, yuko sahihi, na mimi ningependa kujua, kwa sababu moja. Jana usiku mwanangu wa miaka 14 aliniambia kichwa kinamwasha. Nikammulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya sikio la kushoto kuna kipande cha ukubwa wa shilingi hamsini, kina magamba meupe. Nimekaa na ile tochi mkononi muda mrefu. Mama Swaumu, binti yako alianzia wapi?

#56 Mama Swaumu

Kichwani, nyuma ya sikio. Usimpake chochote kabla hajaonwa. Ametoka kuumwa koo?